Kiti cha Mwenyewe

Kikao cha kuamua nani amsindikize Mama Pindo kilianza asubuhi, na jua lilipofika utosini kilikuwa bado kinatafuta mwenyekiti. Mashemeji walikuwa wamejaa sebuleni, kila mmoja na udhuru wake. Kaka mkubwa angekwenda, lakini mgongo. Wa pili angekwenda, lakini duka angemwachia nani? Wa mwisho hakuwa na mgongo mbaya wala duka, ila alisema mdogo hawezi kuwatangulia wakubwa zake, na kwa adabu hiyo akaongezewa chai.

Jambo lenyewe lilikuwa fupi. Mume wa Mama Pindo, fundi rangi, alikwenda kupaka ghala upande wa pili wa nchi, ngazi ikateleza, akaanguka na kuvunjika taya. Hospitali ya huko ilimfunga meno kwa waya, na tajiri wa ghala, kwa kuogopa kesi, akalipa gharama zote na kujitoa. Sasa muuguzi mmoja alikuwa amepiga simu. Mgonjwa alikuwa amepata nafuu ila hawezi kusema, na kama hakutokea mtu wake kufikia Ijumaa mchana, angepakiwa kwenye lori pamoja na wengine wasio na watu, wapelekwe kwenye makao ya wasiojiweza. Huko, muuguzi alisema kwa sauti ya chini, kuingia ni rahisi.

"Basi niende mimi," alisema Mama Pindo.

"Peke yako?" Kaka mkubwa alishtuka hata mgongo ukanyooka. "Mwanamke atoke hivi hivi, avuke nchi nzima? Watu watasema huna wenyewe."

"Sasa si mmoja wenu anisindikize, shemeji?"

"Ndilo hilo tunalolizungumza, mama. Usitukatishe."

Mama Pindo aliomba radhi, akaingia jikoni, akabandika birika jingine ili wazee wasipungukiwe. Kisha akachukua mkoba wake. Ndani alikuwa ametia koti la mumewe alilolishona kwa mikono yake mwenyewe, maana bwana alikuwa ameondoka na ovaroli la rangi tu, na mke ambaye ni fundi cherehani hawezi kumrudisha mume nyumbani katika hali ile. Akatokea mlango wa nyuma. Sebuleni walikuwa wamefika kwenye suala la nani aandike kumbukumbu.

&nbsp;

Nchi ile ni ndogo. Ukipiga chafya kusini, kaskazini wanakuambia afya. Barabara zake ndizo ndefu, kwa sababu kila moja ilichorwa ipite nyumbani kwa mkubwa fulani, na wakubwa walikuwa wengi. Safari ya kumfuata mgonjwa ilikuwa na mabasi mawili na kulala njiani.

Basi la kwanza lilimfundisha adabu. Alikaa dirishani, kondakta akamwinua ampe nafasi bwana na bibi waliotaka kukaa pamoja. Akahamia katikati, akainuliwa kwa ajili ya mzee na mkewe. Mwisho alijikuta amekalia tairi la akiba nyuma kabisa, magoti yamemfika kidevuni.

"Wewe uko mmoja," kondakta alimweleza kwa upole, kana kwamba ni ugonjwa. "Mtu mmoja anaenea popote."

Kwenye kizuizi askari alipanda, akapita abiria wote bila kuwauliza neno, akaja kusimama mbele ya tairi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kumfuata mume wangu hospitali."

"Na mumeo anajua kwamba unasafiri peke yako?"

"Afande, ndiye mgonjwa."

"Sijauliza kama ni mgonjwa. Nimeuliza kama anajua."

Alipofika mji wa kulala, jioni, alikuwa ametolewa jasho na maneno zaidi kuliko na joto. Kwenye mgahawa aliambiwa meza ni za watu wanne, asubiri wapatikane watatu. Aliondoka na njaa yake, akaingia nyumba ya wageni iliyokuwa jirani. Mhudumu, binti mwenye simu sikio moja, alikuwa amefungulia redio kwa sauti ya kupasua ukuta.

"Vyumba vya mtu mmoja vimekwisha," alisema bila kumtazama. "Kimebaki kile cha nyuma kisicho na kitasa. Umekuja na nani?"

"Nimekuja mwenyewe."

Binti aliitoa simu sikioni. "Umekuja na mwenyewe?"

Redio ile, na uchovu ule, na ile *na* ndogo iliyojipenyeza! Neno ni lilelile, lakini mwenyewe mmoja ni mimi peke yangu na mwenyewe mwingine ni mwenye mali, mwenye nyumba, mwenye amri. Binti alisimama, akazima redio, akafuta kaunta kwa kiganja.

"Mwenyewe yuko wapi, mama?"

"Mwenyewe si ndiye mimi?"

Binti alicheka kwa heshima, kama watu wanavyocheka mkubwa anapotania. "Jamani mama! Haya, tumwandalie kile cha mbele, chenye maji na kitasa. Yuko nyuma anakuja, au?"

Mama Pindo alifungua kinywa ili aseme ukweli. Alikuwa mtu wa kusema ukweli, hata kwa wateja wanaouliza kama gauni linawapendeza. Lakini alifikiria chumba kisicho na kitasa, akafikiria tairi, akaona ukweli umemtesa vya kutosha kwa siku moja.

"Yuko nyuma," alisema. "Anakuja."

Aliletewa chakula cha watu wawili. Alikula chote.

&nbsp;

Asubuhi aliona jinsi habari inavyokimbia mahali padogo. Mhudumu alikuwa amemwambia shemeji yake anayekata tiketi, shemeji akamwambia msimamizi wa stendi, na msimamizi akawaambia wote waliobaki. Kila aliyeipokea aliitia chumvi kidogo kabla ya kuipitisha. Kwa mhudumu, Mwenyewe alikuwa mume. Kwa mkata tiketi, alikuwa tajiri. Stendi walijua kwamba ndiye mwenye kampuni ya mabasi. Mwenyewe wa nini hasa, hakuna aliyeuliza, kwa sababu kuuliza kungeonyesha kwamba wewe peke yako ndiye usiyejua.

Basi la pili walimpa kiti cha mbele, kile kipana cha watu wawili. Aliketi, akaweka mkoba pembeni. Kondakta akauondoa mkoba haraka.

"Samahani mama, hapo ni pa Mwenyewe."

Basi lilijaa. Watu walisimama, wakaning'inia, wakakanyagana, na kiti cha Mwenyewe kikabaki kitupu, kimefutwa vumbi. Mwanamke mmoja alisimama karibu akiwa na mtoto mgongoni na mwingine amemshika sketi.

"Keti hapa mwanangu," Mama Pindo alimwambia.

"Haiwezekani," kondakta alidakia. "Akifika Mwenyewe je?"

"Basi liko mwendo. Atapandia wapi?"

"Mama, mimi ni mtu mdogo. Mambo ya wakubwa siyajui."

Hapo ndipo Mama Pindo alipoona haya kwa mara ya kwanza, tena haya kubwa. Alimpakata yule mtoto mkubwa mpaka mapaja yakafa ganzi, wala haya haikumtoka. Kwenye kizuizi askari alichungulia dirishani, akakipigia saluti kiti kitupu, akainua mti. Mji uliofuata kulikuwa na wazee wenye kofia wanangoja, na mwalimu mkuu mwenye risala mkononi. Dereva alizima injini.

"Mwenyewe hayumo," Mama Pindo aliwaambia. "Wazee wangu, msihangaike, kwa kweli hayumo."

"Tunaona, mama," alisema mwalimu mkuu. "Hata yule wa mwaka juzi hakuwemo." Akaisoma risala mwanzo hadi mwisho, kuhusu paa la shule lililong'olewa na upepo, akikisomea kiti. Wazee wakapiga makofi, basi likaondoka.

&nbsp;

Hospitali alifika siku hiyohiyo ya Ijumaa, mchana ukikaribia, akakuta imegeuzwa juu chini. Watu walikuwa wanamwaga maji uani, wanakata majani, wanabeba mashuka ambayo bado yalikuwa na mikunjo ya dukani. Muuguzi aliyepiga simu, mwanamke mrefu mwenye macho ya mzaha, alimpokea mlangoni, akamwingiza kwenye chumba cha ndoo.

"Umefika, nashukuru, lakini umefika siku mbaya. Daktari mkuu ameagiza hakuna mgonjwa kutoka leo."

"Kwa nini? Si mlisema kufikia Ijumaa?"

"Kuna mkubwa anakuja. Ameshapita stendi zote, simu zinapigwa tangu jana. Wodi lazima akute imejaa, lakini iwe nadhifu, mgonjwa mmoja kitanda kimoja. Wa ziada tunawaficha stoo. Akishaondoka ndiyo lori lipakie wasio na watu."

"Mume wangu je?"

"Yumo kwenye hesabu ya lori. Nimejaribu kumtoa, daktari mkuu amesema hagusi chochote mpaka Mwenyewe afike."

Mama Pindo aliweka mkoba chini. Alikuwa amevuka nchi nzima, amekalia tairi, amekula chakula cha watu wawili, na sasa uongo wake mwenyewe ulikuwa umemtangulia na kumfungia mlango. Machozi yalimtoka.

"Sista," alisema, "huyo Mwenyewe hatakuja. Hayupo. Mimi nilisema nimekuja mwenyewe. Mwenyewe, peke yangu! Wao wakaongeza *na*."

Muuguzi alirudia maneno hayo kwa kunong'ona. Kisha alianza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kuketi juu ya ndoo, mkono mdomoni ili asisikike nje. Alipofuta macho, uso ulikuwa umebadilika.

"Basi lazima aje," alisema.

"Nani?"

"Mwenyewe. Asipokuja tutangoja hapa mpaka lori lije, na dereva wa lori hangoji mtu. Tunahitaji mwanamume ambaye daktari mkuu hajapata kumwona." Alifikiri kidogo. "Mlinzi anamjua. Mpishi anamjua. Watu pekee asiowajua kwa sura hapa ni wagonjwa wake. Yeye anatibu mafaili."

Fundi rangi alikuwa stoo, amekaa juu ya marobota pamoja na wa ziada wenzake. Alipomwona mkewe mlangoni, alisimama, akatoa sauti kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Mama Pindo alimkumbatia, akamgusa shavu lililovimba, akalia tena, safari hii kwa furaha. Alikuwa amekonda. Alinuka dawa, lakini alikuwa hai na alikuwa wake.

"Mume wangu, nisikilize vizuri," alisema, akilitoa koti. "Usiniulize kitu, na najua huwezi."

&nbsp;

Daktari mkuu alikuwa mtu mnene mwenye tai fupi. Alipoona ugeni unatokea ghafla upande wa stoo badala ya getini, alitambua mara moja kwamba huu ni ukaguzi wa kushtukiza, akaanza kutoka jasho. Mwenyewe alikuwa amevaa koti lililomkaa sawasawa mabegani, miwani myeusi ya muuguzi, na kitambaa safi kilichopita chini ya kidevu na kufungwa utosini.

"Karibu sana, mheshimiwa! Karibu!"

Mwenyewe aliitikia kwa kichwa.

"Jino linamsumbua," alisema Mama Pindo. "Haongei leo."

"Jino? Tuna daktari wa meno hapa hapa! Sista, kimbia ukamwite!"

"Mwenyewe ana daktari wake," Mama Pindo alisema upesi, na muuguzi, aliyekuwa hajainua hata kisigino, akaitika kwamba ndivyo.

Waliingia wodini. Wagonjwa walikuwa wamelala wamenyooka, mashuka yamewafika shingoni, wameonywa wasikohoe. Daktari mkuu alieleza mafanikio. Mwenyewe alitembea polepole katikati ya vitanda, na ukimya wake ukazidi kumtisha daktari. Kila alipotua kutazama kitu, daktari aliahidi kukirekebisha. Aliahidi madirisha. Aliahidi bomba la maji, lililokuwa kavu tangu ajiriwe. Mwenyewe alipofika kitanda cha mwisho, miguu ikajisahau. Ilikuwa imezoea kuishia pale. Akajiketisha, akavua kiatu kimoja, akawa anainua mguu apande alale.

Mama Pindo aliona kila kitu kimeharibika.

"Anapima godoro!" alisema daktari mkuu, sauti imemjaa staha. "Miaka yote hii, hakuna mkubwa aliyewahi kupima godoro!"

Mwenyewe alivaa kiatu, akasimama. Kitandani pale alikuwa amelala mzee mmoja aliyechangia naye godoro majuma yote yale. Wauguzi walimwita Mzee wa Dirishani, kwa sababu nusu yake ya kitanda ilikuwa upande huo. Aliletwa na wapita njia, akapona, akangoja mtu wake, na hakuja mtu. Alikuwa wa kwanza kwenye hesabu ya lori. Alimtazama Mwenyewe, akatazama kile kitambaa, akatabasamu.

"Na sasa, mheshimiwa," daktari mkuu alisema, akijipangusa paji, "nimearifiwa kwamba huyu mama uliyefuatana naye ana mumewe hapa. Sisi hatucheleweshi watu. Tunamkabidhi sasa hivi, mbele ya macho yako! Yuko wapi mume wa huyu mama?"

Fundi rangi, kwa unyoofu wa moyo wake, alianza kuinua mkono.

"Huyu hapa!" muuguzi alisema kwa nguvu, akimwonyesha Mzee wa Dirishani. "Ndiye huyu, daktari."

"Mimi?" alisema mzee.

"Wewe, baba. Mkeo amekuja kukuchukua."

Mzee alijiinua kwa viwiko, akamtazama Mama Pindo. Alimtazama kwa muda mrefu, juu mpaka chini, na tabasamu likamwondoka usoni. Kidevu kilianza kumcheza.

"Umechelewa sana," alisema.

Kilikuwa kitu cha kuchekesha, na Mama Pindo hakuweza kucheka. "Barabara, mume wangu," alijibu. "Barabara ndiyo mbaya."

Alitia sahihi kwamba amempokea mumewe akiwa mzima. Daktari mkuu aliuliza kama Mwenyewe ameridhika, na Mwenyewe akaitikia kwa kichwa mara nyingi, machozi yakimchuruzika chini ya miwani, jambo lililowafanya watumishi wote waamini kwamba jino linauma kweli. Kwa kuwa gari la Mwenyewe halikuonekana, na hakuna aliyethubutu kuuliza liko wapi, lilitolewa gari la wagonjwa liwapeleke stendi. Gari hilo lilikuwa halina mafuta tangu mvua za kwanza. Mafuta yalipatikana.

&nbsp;

Nje ya geti, walipokata kona ya ukuta, dereva alisimama ajaze upepo tairi la mbele. Lori lilikuwa linaingia wakati huohuo, turubai limefungwa nyuma. Wote watatu walilitazama kupitia dirisha dogo mpaka likamezwa na geti.

Mzee alifungua mlango wa nyuma, akashuka taratibu. Hakuwa na mzigo wowote.

"Haya," alisema. "Mmenitoa, na nawashukuru. Mchezo umekwisha. Nendeni salama."

"Unakwenda wapi, baba?" aliuliza Mama Pindo.

"Huko mbele. Nitajijua mwenyewe."

Alianza kutembea. Hakuwa anajua hata upande, maana alikwenda hatua chache kuelekea mjini, akageuka, akaja tena hadi pale pale, akajifanya anatazama tairi linavyojazwa.

Mama Pindo alifikiria nyumba yake. Vyumba viwili, na kimoja kimejaa cherehani na vitambaa. Aliwafikiria mashemeji, na kikao watakachoitisha juu ya mzee asiye wa ukoo. Alichoka kabla hawajaanza. Alikuwa ametoka kwenda kumchukua mtu mmoja tu, na Mungu anajua hata huyo mmoja kumlisha kwa mrija itakuwa kazi. Alimgeukia mumewe apate shauri. Fundi rangi alikuwa ameshavua miwani, na macho yake yalikuwa mekundu. Alijisogeza mwisho wa benchi, akalipiga kofi dogo lile pengo lililobaki katikati yao.

Dereva aliwasha injini. Mama Pindo alishuka, akamfuata mzee, akamshika mkono kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Panda gari, baba," alisema. "Nimekutilia sahihi. Mimi sirudi nyumbani watu waseme nimemwacha mume njiani."